Ghorofa inakuja ubavuni kwetu Ngamiani: tuombe masharti gani kabla kibali hakijatoka?

SWALI: Assalaam alaikum. Nyumba yetu iko Ngamiani Kati, Tanga. Ni nyumba ya Kiswahili ya mawe na chokaa, aliijenga babu yetu. Kiwanja cha ubavuni kimeuzwa, na wiki iliyopita kimebandikwa tangazo la kubadilisha matumizi kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Tunasikia itakuwa ghorofa nne, chini maduka na juu nyumba nane za kupangisha. Hatutaki ugomvi na mwenye kiwanja, wala hatukatai mji kukua. Tunachoogopa ni vumbi, maana mjukuu wangu ana pumu, kelele za usiku, kuta zetu kupasuka, na kisima chetu cha uani ambacho kiko mita tisa tu kutoka mpakani. Tusubiri waanze ndipo tulalamike, au kuna la kufanya sasa? Na tukienda halmashauri tukaseme nini? (Mama mwenye nyumba, Ngamiani Kati)

JIBU: Waalaikum salaam mama, na shikamoo.

Msisubiri. Maadamu tangazo bado limebandikwa, neno lenu lina uzito ambao halitakuwa nao tena baadaye. Jengo likishafika slabu ya pili, ni shida kumpata afisa wa kuamuru karo la maji taka lililofukiwa chini ya jamvi la zege lifukuliwe na kuhamishwa. Leo karo hilo ni mstari tu kwenye ramani, na mstari husogezwa kwa kalamu.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka uendelezaji wa ardhi mjini upate kwanza ridhaa ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni Halmashauri ya Jiji la Tanga. Mamlaka inaweza kukataa, kukubali, au kukubali kwa masharti. Hapo penye masharti ndipo pa kuelekeza nguvu zenu. Mmesema wenyewe kwamba hamkatai jengo, kwa hiyo msiandike barua ya kupinga kwa maneno makali halafu mkakosa yote. Andikeni barua inayosema: tunaomba ridhaa hii, ikitolewa, iambatane na masharti yafuatayo.

Na sharti liwe la kupimika kwa macho, tepu na saa. "Mjenzi asisababishe usumbufu kwa majirani" ni sentensi nzuri isiyomsaidia mtu, kwa sababu mjenzi atasema hajasumbua, nanyi mtasema amesumbua, na afisa aliyefika saa tano asubuhi atakuta kimya. "Mashine ya zege isiwashwe kabla ya saa moja asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni" ni kitu kingine kabisa. Hapo anayebishana anabishana na saa ya ukutani.

Kabla ya kuandika, nendeni ofisi ya Mipango Miji ya Jiji mkaombe kuona michoro iliyowasilishwa. Angalieni mambo manne: karo na chemba zimewekwa wapi, misingi ina kina gani upande wenu, maji ya paa yanashuka wapi, na maduka ya chini yameandikwa kwa matumizi gani. Someni pia tangazo lenyewe kwa makini, kwani muda wa kupeleka maoni umeandikwa humo, na barua ikifika baada ya muda huo afisa ana haki ya kuiweka kando. Ulizeni vilevile kama mradi umepitia mchujo wa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira, zilizorekebishwa mwaka 2018, zinapanga miradi kwa makundi: ile inayolazimika kufanyiwa tathmini kamili, ya katikati, na midogo. Hata jengo hili likiwekwa kundi dogo, halmashauri bado ina mamlaka yote ya kuliwekea masharti ya vumbi, kelele na maji taka. Msikubali jibu la "hili halihitaji NEMC" kana kwamba ndiyo mwisho wa habari.

Nianze na kisima, kwa sababu ndicho chenye hatari kubwa na ndicho watu hukisahau wakishughulika na kelele.

Nyumba nane zenye wastani wa watu watano ni watu 40. Kila mmoja akitoa lita 80 za maji taka kwa siku, na hapo nimekadiria kwa chini, ni lita 3,200 kila siku. Tanki la karo linahitaji kuyashika maji hayo siku mbili ili tope lizame, yaani mita za ujazo 6.4. Ongeza nafasi ya tope: lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa watu 40, kwa miaka mitatu kabla ya kunyonywa, unapata mita za ujazo 4.8. Jumla ni kama 11. Tanki hilo kwa ndani ni urefu wa mita 3.5, upana 1.8 na kina cha maji 1.8. Mkiona kwenye mchoro kisanduku cha mita mbili kwa mita moja na nusu, jueni tayari kuna kasoro.

Lakini tanki si tatizo kubwa. Tatizo ni pale maji yanapotoka kwenye tanki. Yakiingia shimo la kufyonza, ardhi lazima iyameze. Shimo la duara la kipenyo cha mita 1.5 na kina cha mita 3 lina ukuta wa mita za mraba 14 hivi. Mchanga unaopitisha vizuri humeza lita 50 kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo shimo moja linamaliza lita 700. Kwa lita 3,200 yanatakiwa mashimo matano, tena yaliyoachana. Udongo ukiwa mzito kidogo yanakuwa tisa. Viwanja vya Ngamiani havina nafasi hiyo. Mashimo yakiwa machache, maji hupanda, chemba hufurika, na kwa kuwa nyumba yenu ya zamani ina sakafu ya chini kuliko jengo jipya, yatakuja kwenu.

Kisha kuna umbali. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30 kati ya shimo la kufyonza na kisima, na kitako cha shimo kiwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini. Ninyi mna mita tisa kutoka mpakani. Hata shimo likisukumwa mwisho wa kiwanja cha jirani, mita 30 hazitapatikana. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya pwani ya Tanga imekalia mawe ya matumbawe yenye mianya. Mchanga huchuja vijidudu polepole, lakini maji yakipata mwanya wa jiwe hukimbia bila kuchujwa, na mita 30 zinaweza kuwa safari ya muda mfupi sana.

Kuna atakayewaambia: "Tutajenga tanki lisilovuja na kuita gari la majitaka." Fanyeni hesabu ileile. Tanki la mita za ujazo 11 kwa lita 3,200 kwa siku linajaa siku ya nne. Hakuna mwenye nyumba atakayelipia gari mara mbili kwa wiki miaka yote. Kinachotokea ni tundu kutobolewa usiku, au bomba kuelekezwa mtaroni mvua inaponyesha. Kwa hiyo sharti la kuomba ni moja: jengo liunganishwe na bomba la majitaka la mji, na kabla ridhaa haijatolewa iwepo barua ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya mji, inayothibitisha kwamba bomba lipo kwenye barabara hiyo na linaweza kupokea mzigo huo. Ikiwa bomba halifiki, ombeni idadi ya nyumba za kupangisha ipunguzwe mpaka hesabu ya maji taka ikubaliane na ardhi iliyopo. Ombi hilo halina ukorofi wowote. Ardhi ina kiasi chake cha kumeza, hata hati ya kiwanja iwe ya nani.

Na hata mkikubaliwa yote, acheni kunywa maji ya kisima hicho bila kuyachemsha. Pelekeni sampuli ikapimwe sasa, kabla ya ujenzi. Karatasi ya majibu yenye tarehe ya leo ndiyo itakayoonyesha mabadiliko, yakitokea.

Sasa kuta. Msingi wa nyumba ya mawe na chokaa mara nyingi hauna kina kirefu, na kwa mfano tuseme ni sentimita 60. Jengo la ghorofa nne litachimbiwa mashimo ya nguzo ya mita 1.5 au zaidi. Udongo uliobeba msingi wenu hautawanyi mzigo wima tu, hutawanya kwa mshazari, kama tanuri la makaa lilivyo pana chini. Kanuni ya fundi ni nyuzi 45: shimo likishuka sentimita 90 chini ya kitako cha msingi wenu, ukingo wake ukae angalau sentimita 90 mbali na msingi huo. Ikibidi kukaribia zaidi, wachimbe kwa vipande vifupi visivyozidi mita 1.2, tena visivyofuatana: kimoja kichimbwe, kimwagwe zege, kikauke, ndipo kinachofuata. Atakayechimba mtaro mrefu wa mita 15 kando ya ukuta wenu kwa siku moja na kuuacha wazi usiku wa masika anaondoa kilichoushikilia. Mvua ikiingia humo, udongo hulainika na kutiririka kutoka chini ya msingi wenu, na ufa huanzia kwenye pembe ya dirisha au juu ya mlango.

Masharti ya kuomba hapa: mchoro wa msingi upande wenu usainiwe na mhandisi aliyesajiliwa ukionyesha kina cha msingi wa jirani kama ulivyopimwa, wala si kwa kukisia (itabidi mruhusu shimo dogo la kuchungulia upande wenu, ruhusuni). Uchimbaji wa upande huo usifanyike katika miezi ya masika. Mashine ya kushindilia inayotetemesha isitumike ndani ya mita kadhaa kutoka ukuta wenu, mhandisi aandike ni ngapi, na hapo washindilie kwa mkono, kwa tabaka zisizozidi sentimita 15.

Halafu kuna kazi yenu wenyewe, msiiache hata kama mmechoka. Kabla ya mchimbaji wa kwanza, pigeni picha kila ukuta, ndani na nje, na kila ufa uliopo na tepu ikiwa kando yake. Kwa penseli, wekeni alama pale ufa unapoishia, andikeni tarehe, na andikeni upana katikati. Nyufa za nyumba ya miaka mingi zipo na msizifiche. Mkizificha, hata ule mpya hamtaaminiwa. Mwiteni mwenye kiwanja au mkandarasi wake na mwenyekiti wa mtaa, mtembee pamoja, wote wasaini orodha, kila upande ubaki na nakala. Kwenye ufa mnaouhofia, pakeni donge dogo la plasta ngumu likivuka ufa, liandikwe tarehe. Plasta ikikatika, ukuta unatembea. Ufa wa chini ya milimita moja ni wa kuangalia. Ukifika milimita tano, au milango ikianza kugoma kufunga, kazi isimame upande huo mpaka mhandisi aje. Na ikija siku ya kurekebisha, msikubali ukuta wa chokaa uzibwe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko mawe yenu na hufunga unyevu ndani, na kwa chumvi ya pwani plasta itabanduka pamoja na uso wa ukuta. Waandike kabisa: chokaa kwa chokaa.

Kelele. Zinazoudhi zaidi ni mashine ya zege, mashine ya kutetemesha zege, grinda ya kukata nondo na vigae, na jenereta. Umbali husaidia lakini polepole: kila umbali unapoongezeka mara mbili, kelele ya mashine moja hushuka desibeli sita hivi. Kuhamisha jenereta kutoka mita tano hadi mita kumi kunasikika, ila haitakuwa kimya. Kinga ya bati au mbao husaidia ikiwa tu inaificha mashine usiione kabisa kutoka dirishani kwenu. Ikionekana juu ya kinga, kinga hiyo ni ya bure. Ombeni sehemu ya kukatia nondo na mashine ya zege viwekwe upande wa barabara, visiwe upande wenu, na viandikwe kwenye mchoro wa mpangilio wa eneo la kazi.

Kwa saa za kazi, pendekezeni saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, mashine zizimwe Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana kama kuna msikiti au madrasa karibu, na Jumapili iwe kazi za kimya tu. Hapo mkandarasi atawaambia jambo ambalo ni kweli: slabu haiwezi kukatishwa katikati. Zege lililomwagwa likianza kushika na jipya likaja juu yake baada ya saa kadhaa, pale panabaki kiungo dhaifu kinachovuja. Lakini ukweli huo hauhalalishi mashine kuunguruma hadi saa nne usiku. Slabu ya mita 10 kwa 12 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 18. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto), mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa kama mita za ujazo 0.16, kwa hiyo ni mizunguko 113 ya mashine ya mfuko mmoja. Kila mzunguko dakika tano, ni saa tisa na nusu. Akianza saa moja asubuhi anamaliza saa kumi na nusu jioni. Akianza saa tano, kwa sababu kokoto zilichelewa kufika, ataendelea hadi saa mbili na nusu usiku. Akileta mashine mbili, muda unakaribia nusu. Usiku unaletwa na mpango mbovu wa asubuhi. Sharti liandikwe hivi: siku ya kumwaga slabu majirani wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla, vifaa vyote viwe vimefika jana yake, na mashine ya akiba iwepo eneo la kazi. Kwa sharti hilo, siku ya slabu itavumilika, na hazizidi chache kwa jengo zima.

Vumbi la ujenzi si sawa na vumbi la barabara ya udongo. Linalotoka kwenye zege, tofali za saruji na vigae vinapokatwa na grinda lina chembe za silika ndogo mno zisizoonekana, nazo hufika ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtoto mwenye pumu hilo ndilo la kuwekea mkazo. Dawa yake ni maji pale pale kwenye msumeno. Kumwagia uwanja maji jioni peke yake hakutoshi. Waandike: kukata zege, tofali na vigae kufanyike kwa maji, au ndani ya chumba kilichofunikwa. Uzio wa bati za futi nane uzunguke kiwanja, na upande wenu jukwaa livikwe turubai au neti nzito kutoka chini hadi juu. Mchanga na saruji vifunikwe. Kufagia kuwe kwa kulowesha kwanza. Kifusi kisitupwe kutoka ghorofani, kishuke kwa mapipa yaliyotobolewa vitako na kuunganishwa, mdomo wa chini ukiwa umefunikwa. Maji ya kunyunyiza yasiwe ya bahari, maana chumvi itabaki kwenye nondo zao na kwenye kuta zenu.

Upepo nao uingie kwenye ratiba. Kusi ikivuma, tangu Aprili hivi hadi Oktoba, walioko kaskazini na kaskazini-magharibi ya kiwanja ndio wanaopokea vumbi; kaskazi ya Desemba hadi Machi hugeuza, ikawapa walio kusini-magharibi. Mchana upepo wa bahari huzidi. Basi ombeni kuvunja na kukata kufanyike asubuhi, na mjukuu awe na chumba kimoja cha upande wa mbali ambacho madirisha yake yanafungika. Kama kwenye kiwanja hicho kuna kibanda cha zamani chenye mabati ya simenti ya kijivu, yale ya mawimbi yanayovunjika kama kigae, kabla hayajaguswa mwiteni Afisa Mazingira wa Jiji, kwa sababu mengi ya zamani yana asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Huondolewa mazima bila kuvunjwa, yakiwa yameloweshwa, na kufungwa kwenye nailoni nzito mara mbili.

Maji ya mvua nitayapitia haraka. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 50 hushusha lita 10,000, yaani madumu 500 ya lita 20. Ombeni mifereji na matanki ya kuvunia, mfereji wa kuelekeza ziada barabarani, na usawa wa uwanja wao usipandishwe juu ya wenu bila mtaro wenye ukuta mpakani. Maji ya kuoshea mashine ya zege yasimwagwe mtaroni: ni makali kama magadi, huua samaki yakifika baharini, na huganda ndani ya mtaro mpaka ukaziba. Wachimbe shimo, walitandike nailoni, ligande humo, kisha kifusi chake kizolewe. Na maji ya kumwagilia zege ili likomae yanayotuama juu ya slabu, mapipa, na shimo la tanki vikaguliwe kila wiki, kwani mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa siku saba hadi kumi. Mifuko ya saruji na mabaki ya plastiki visichomwe pale.

Kuna jambo hamkuliuliza, nami naona ni zito kuliko hata kelele za ujenzi. Ujenzi utaisha baada ya mwaka au miwili. Maduka ya chini yatabaki. Neno "biashara" likiachwa wazi kwenye ridhaa, duka la kanga la leo litakuwa karakana ya kuchomelea vyuma kesho, au baa yenye spika mlangoni. Ombeni ridhaa itaje matumizi yanayoruhusiwa (duka la rejareja, ofisi, famasi) na yasiyoruhusiwa: kuchomelea, useremala wa mashine, kupaka magari rangi, gereji, baa na ukumbi wa muziki. Jenereta ya kudumu iwe ndani ya chumba chake upande wa barabara, bomba lake la moshi lipande hadi juu ya paa lao, lisiishie usawa wa dirisha lenu. Kama kutakuwa na mgahawa, dohani yake vivyo hivyo. Mambo haya ya mwisho yachorwe kwenye ramani, yasibaki kwenye barua tu. Mkaguzi akija eneo la kazi hushika ramani iliyogongwa muhuri, na barua ya masharti mara nyingi hubaki kwenye faili ofisini.

Kwa wasomaji wa Raskazone na kwingine ukingoni mwa bahari: kwenu hesabu inaanza na tepu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pimeni hilo kwanza, kabla ya kujadili vumbi.

Turudi Ngamiani. Masharti yakishatolewa, ombeni nakala. Kazi ikianza, mwekeni mtu mmoja wa nyumbani mwenye daftari: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kwisha, ni nini kilichotokea, picha. Daftari la wiki mbili linafanya kazi kuliko ghadhabu ya siku moja. Sharti likivunjwa, mfuateni kwanza msimamizi wa kazi, kwa utulivu, mwonyesheni mstari wa sharti. Akipuuza, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kisha kwa ofisi inayohusika na lile lililovunjwa. Kwa vumbi, maji taka na mbu nendeni kwa Afisa Afya, ambaye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kutoa notisi ya kuondoa kero. Kelele na uchafu wa mtaroni ni vya Afisa Mazingira, na kujenga kinyume na ramani ni kwa Mipango Miji, wenye uwezo wa kusimamisha ujenzi. Kuchimba chini ya msingi wenu ni kwa mhandisi wa halmashauri siku hiyohiyo, msingoje daftari lijae. Sheria ya Mazingira niliyoitaja inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kuidai mahakamani, kwa hiyo hamwombi hisani ofisini kwa mtu.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Anzeni kwa namba ya kiwanja na tarehe ya tangazo, semeni wazi kwamba hampingi jengo, kisha masharti kwa mpangilio huu: maji taka, msingi, matumizi ya maduka, saa za kazi, vumbi, maji ya mvua. Ambatanisheni picha za kuta, kipimo cha umbali wa kisima, na majibu ya maji yakiwa tayari. Pitieni kwa mwenye kiwanja mumwonyeshe kabla ya kuipeleka. Mengi hapa yanamkinga yeye pia na gharama za baadaye, na akisaini kukubali hata nusu yake, kamati ya halmashauri haina sababu ya kusita. Majirani wa pande zote tatu wasaini. Tengenezeni nakala nne: moja kwa Mkurugenzi wa Jiji kupitia Mipango Miji, moja kwa diwani wenu, kwa sababu maombi kama haya hufika kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ambako madiwani ndio wajumbe, moja kwa serikali ya mtaa, na ya nne igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani.